Kuzama: Umakini na Raha Kandokando ya Barabara ya Morogoro

Kiswahili kina maneno ya zamani ya kumweleza mtu aliyeingia ndani ya jambo hata akasahau yaliyo pembeni yake, na mengi ya maneno hayo yanatokana na maji na tope: mtu huzama katika kazi, hutopea katika biashara, na mwenye kupiga mbizi kutafuta chaza huitwa mzamiaji. Yafaa maneno haya yaangaliwe kwa utulivu, kwa kuwa kitenzi kilekile kinachomsifu fundi aliyezama katika ushonaji wake ndicho kinachosimulia habari ya chombo kilichopotea baharini pamoja na abiria wake. Saikolojia, yaani elimu inayochunguza nafsi na mwenendo wa binadamu, ilichelewa kufika mahali ambapo lugha ilikuwa imeshafika, na ilipofika ilizithibitisha pande zote mbili, kwamba kuzama ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya raha ya binadamu, na kwamba si kila anayezama huibuka akiwa na kitu mkononi.

Aliyeipa hali hii nadharia ni Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria aliyezaliwa mwaka 1934 katika mji wa Fiume, ambao leo unaitwa Rijeka na umo nchini Kroatia, akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Chicago na kufariki mwaka 2021. Utotoni mwake aliiona Vita Kuu ya Pili ikiwaangusha watu wazima waliomzunguka, ambao wengi wao, walipopoteza kazi, nyumba na heshima, hawakubaki na kitu cha kuwasimamisha, naye akakua na swali la nini hasa humfanya mtu aone kwamba kuishi kuna ladha. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 alikusanya maelezo ya wapanda majabali, wachezaji wa sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji, na kilichomshangaza ni kwamba watu hao wa shughuli zisizofanana walieleza jambo moja: saa zilipita bila wao kuzihisi, wasiwasi wa kujiuliza wanaonekanaje ulitoweka, na mikono ilijua la kufanya kana kwamba kuna maji yanayowachukua. Jina alilolichagua lina maana ya mkondo, na kitabu chake cha mwaka 1990 kililitangaza duniani kote. Waswahili waliona kina, yeye akaona mkondo, lakini maji ni yaleyale.

Nadharia hiyo inataja masharti matatu ya msingi, na hakuna hata moja kati yake linalodai utajiri. La kwanza ni lengo lililo wazi, yaani mtu ajue anataka kufikia wapi katika dakika hii na ile inayofuata. La pili ni mrejesho wa papo kwa papo, yaani kazi yenyewe imwambie mtendaji kama amepatia au amekosea bila kusubiri tathmini ya mkubwa wake. Na la tatu, ambalo ndilo moyo wa nadharia yote, ni ulinganifu kati ya ugumu wa kazi na ujuzi wa mtendaji, kwa kuwa kazi iliyo nyepesi mno huchosha kwa kuchusha na iliyo nzito mno huleta hofu, na katikati ya mawili hayo pana njia nyembamba ambamo akili hulazimika kutumika yote.

Fundi cherehani anayeketi barazani pale Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, hatua chache kutoka kwenye lami ambako malori ya Morogoro na mabasi ya mikoani hupita mfululizo, huyatimiza masharti hayo kabla ya adhuhuri. Mbele yake pana kitenge ambacho mteja amekileta kikiwa na kipimo kamili, hakina ziada, na kina maua makubwa ambayo ni lazima yakutane kwenye mshono wa mgongoni, la sivyo gauni lote litaonekana limepinda hata kama limemkaa mwenyewe vizuri. Fundi hukunja kitambaa, hukikunjua, hukigeuza upande wa ndani, huweka chaki kwenye kiuno na kwapa, kisha hunyamaza kidogo akiwa ameshika mkasi, kwa sababu mkato mmoja ukishaingia haurudishwi. Anapoanza kushona, mguu hukanyaga kwa mwendo ambao sikio lake linaufuata, na uzi wa chini ukikaza au bobini ikikaribia kwisha yeye huusikia mlio ukibadilika kabla jicho halijauona mshono ukiharibika. Mrejesho wa haraka na wa haki kama huo haupatikani kwa urahisi katika ofisi nyingi, ambako mtu huandika ripoti mwezi mzima asijue kama kuna aliyeisoma.

Mfano ulio kamili zaidi, hata hivyo, ni bao, mchezo uliokuwapo katika mwambao wa Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya nadharia hiyo kuandikwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa kwa safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe za rangi ya kijivu zinazoteleza mkononi. Kila mchezaji ana safu zake mbili, huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 zilizobaki huingizwa moja baada ya nyingine katika awamu ya namua, hadi zinapokwisha na mchezo kuingia katika mtaji. Ugumu wake umejificha katika mwendo mmoja tu, kwa kuwa kete moja iliyowekwa mahali panapostahili humwezesha mchezaji kula kete za mwenzake, kuzisambaza kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele, na pale kete ya mwisho inapoangukia shimo lenye kete nyingine, kuendelea kula au kusambaza tena na tena mpaka ilale katika shimo tupu. Mchezaji mzuri ni lazima aone mzunguko huo wote kichwani kabla hajagusa ubao, na akishaugusa, ubao wenyewe humjibu. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyetoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995, alikwenda kwa mabingwa wa Zanzibar kuchunguza namna wanavyokumbuka na kukokotoa, akiuchukulia mchezo huo kwa uzito uleule ambao wanasaikolojia wa Ulaya walikuwa wameupa sataranji, na huo ndio uzito unaoustahili.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi katika bao ni mazingira yake. Mchezo huchezwa chini ya mwembe, kwenye kijiwe au baraza, katikati ya watu wanaotaniana, wanaojadili Simba na Yanga, huku bodaboda zikipiga honi na redio ya duka la jirani ikitangaza vifo na matokeo ya mpira, na bado wachezaji wawili walioinamia ubao huwa mbali kuliko mtu aliyejifungia chumbani. Hapo panaanguka dhana moja iliyoenea, hasa katika vitabu vya ushauri vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wenye nyumba kubwa na bustani, kwamba umakini wa kina huhitaji ukimya. Kama ingekuwa hivyo, watu wa Kibamba, Mbagala na Manzese wangekuwa wamekwisha kuikosa raha hiyo tangu zamani. Ukweli ni kwamba kelele haivunji umakini kama mwito unavyouvunja. Kelele ni sauti isiyomtaka mtu yeyote, na akili iliyojaa kazi huiacha ipite juu; mwito ni sauti inayomtaka mtu huyu kwa jina lake na kudai jibu.

Tofauti hiyo imepimwa katika maabara. Mwaka 1959 mtafiti wa Uingereza Neville Moray aliwavalisha watu vipokea sauti vilivyopeleka maneno tofauti katika kila sikio, akawataka wayarudie kwa sauti maneno ya sikio moja tu, na ilionekana kwamba maneno ya sikio la pili yalipotea karibu yote, hata yaliporudiwa mara nyingi. Lakini jina la mhusika lilipotamkwa katika sikio hilo lililopuuzwa, takriban theluthi moja ya watu walilisikia. Akili, kwa maneno mengine, hufunga milango kwa ajili ya kazi lakini huacha ufa kwa ajili ya jina la mwenyewe, na ufa huo una faida yake, kwa kuwa mzazi asiyesikia mtoto akimwita hangekuwa mzazi mzuri. Barazani penye bao jamii imejiwekea ustaarabu wa kuulinda mlango huo: watazamaji hutania kadiri wapendavyo, lakini kwa kawaida hawamtumi mchezaji dukani katikati ya mtaji, na anayekuja na shida yake husubiri kete zilale. Umakini wa wachezaji wale ni kipaji chao, na pia ni zawadi wanayopewa na waliowazunguka.

Maisha ya pembezoni mwa jiji yameiondoa zawadi hiyo kwa njia nyingi ambazo hakuna mtu mmoja aliyezipanga. Kibamba, iliyo zaidi ya kilomita 20 magharibi mwa Posta, katikati ya jiji, ilikuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya inayojitegemea, na ni miongoni mwa maeneo ambayo familia nyingi zilihamia zikifuata kiwanja cha bei nafuu zilipotoka katika vyumba vya kupanga vya katikati ya mji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na kati yao 1,086,912 walikuwa Ubungo, lakini kazi, masoko na ofisi hazikuhama pamoja nao. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 njia yake upande wa Barabara ya Morogoro iliishia Kimara, na upanuzi wa barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, wenye urefu wa kilomita 19.2 na njia nane, umeisaidia safari bila kuimaliza. Mfanyakazi wa Kariakoo anayeishi Kibamba huamka saa kumi alfajiri, na wapo ambao hulazimika kugeuza na gari, yaani kupanda daladala likiwa linaelekea mwisho wa njia ili wapate kiti linaporudi, wakilipa nauli na muda kwa safari ya kurudi nyuma.

Muda huo wa safari hautoshi kuitwa kazi, wala si mapumziko. Abiria hana budi kuushika mkoba kifuani, kusikiliza kituo kinachotajwa, kukumbuka chenji iliyobaki kwa konda, kumpisha anayeshuka na kukadiria kama foleni ya Mbezi itamchelewesha, na kila moja ya shughuli hizo ni mwito mdogo unaochukua kipande cha akili bila kukijaza. Mtu hufika kazini akiwa amechoka kwa uchovu usio na zao, kama aliyetumia noti yake yote kwa kununua vitu vya sarafu moja moja. Uchovu huu haupaswi kuchukuliwa kuwa udhaifu wa tabia, na wanaowashutumu vijana wa leo kwamba hawana umakini wangetenda haki wakihesabu kwanza ni mara ngapi umakini huo umeshakatwa kabla ya saa mbili asubuhi.

Simu ndiyo mwito uliofika hadi barazani kwa fundi. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 jambo ambalo linaweza kuitwa mabaki ya umakini: mtu anapoiacha kazi moja kabla haijakamilika na kurukia nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili hufanywa na mtu ambaye hakuja mzima. Kwa hiyo ujumbe unaosomwa kwa sekunde 10 hauchukui sekunde 10, bali huchukua pia dakika zinazofuata, ambamo fundi anapindua kitenge huku akili ikijibishana na mteja wa jana. Ushauri wa kawaida ni kwamba simu izimwe. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye mshahara na mkubwa wa ofisi mwenye karani wa kumpokelea, lakini kwa fundi wa Kibamba simu ni mlango wa duka: mteja akipiga mara mbili bila kujibiwa huenda kwa fundi mwingine, malipo ya awali hutumwa kwa M-Pesa na ni lazima yathibitishwe kabla kitambaa hakijakatwa, na mtoto akiugua shuleni mwalimu hupiga namba hiyohiyo. Kumwambia mtu kama huyo azime simu ni kumwambia afunge duka ili ashone vizuri, na mwenye kutoa ushauri huo hajaelewa kazi anayoizungumzia.

Mafundi wenyewe wamepata ufumbuzi unaoheshimu hali yao kuliko huo. Wapo wanaokata vitambaa alfajiri au usiku, saa ambazo wateja hawapigi, na kuuacha mchana kwa mishono ya kawaida, pindo na zipu, kazi ambazo mkono uliozoea huweza kuzirudia hata zikikatizwa. Wapo pia wanaomkabidhi mwanafunzi simu, naye huipokea, huuliza shida na kusema fundi atapiga akimaliza, na kwa kufanya hivyo mwanafunzi hujifunza lugha ya wateja kabla hajajifunza kola. Katika mpango wa namna hii kazi nzito imetengwa na nyepesi, na mwito umepewa mtu wa kuubeba. Jambo hilo linawezekana kwa sababu watu wawili wamekubaliana, na hapo panaonekana tena ustaarabu uleule wa bao, ambao ofisi za serikali na kampuni zingeweza kuuiga kwa gharama ndogo sana, kwa mfano kwa kuacha saa mbili za asubuhi bila vikao na bila ujumbe wa kundi unaodai jibu.

Kuna upande mwingine wa suala hili unaowashangaza watu. Mwaka 1989 Csikszentmihalyi na mwenzake Judith LeFevre walichapisha utafiti wa wafanyakazi 78 waliobeba kifaa kidogo cha mlio kwa wiki nzima, na kila kilipolia waliandika walichokuwa wakifanya na jinsi walivyojisikia. Ilibainika kwamba hali ya kuzama, ile ya ugumu na ujuzi kukutana juu, ilitokea mara nyingi zaidi kazini kuliko katika muda wa starehe, ingawa watu haohao walipokuwa kazini walitamani zaidi kuwa wanafanya jambo jingine. Kiswahili kinasaidia kulielewa hilo, kwa kuwa kina maneno mawili, starehe na raha, yanayoweza kutenganishwa: starehe ni kuondolewa adha, ni kiti laini na kinywaji baridi, ilhali raha huweza kupatikana katika jasho. Mtu aliyerudi Kibamba saa tatu usiku ana haki kamili ya starehe, na hakuna anayepaswa kumhukumu kwa kulala kwenye kochi akipitisha kidole juu ya video fupifupi. Tatizo ni pale starehe hiyo inapokuwa chakula pekee cha nafsi mwaka baada ya mwaka, kwa sababu haimwachii kitu cha kukua.

Hapo ndipo inaporudi maana ya pili ya kuzama. Katika vibanda vya mitaani zipo mashine za kamari zinazoitwa dubwi, na kijana anayesimama mbele yake akiwa na sarafu mkononi ametimiziwa, kwa juu juu, karibu kila sharti la nadharia: lengo li wazi, mrejesho ni wa papo hapo kwa taa na milio, na muda hupotea kabisa. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu mashine za Las Vegas, alionyesha kwamba wachezaji waliotopea hawakuwa wakitafuta hata ushindi, bali ile hali yenyewe ya kutoweka, na kwamba mashine zilisanifiwa ili hali hiyo isikatike. Linalokosekana ni sharti la tatu, kwa kuwa ujuzi haumo: anayecheza dubwi kwa miaka mitano hajui zaidi ya alivyojua siku ya kwanza, wakati aliyecheza bao kwa miaka mitano ni mtu mwingine kabisa. Kipimo hiki ni cha haki na ni rahisi kutumia, na kinatenganisha kina cha mzamiaji na kina cha chombo kilichotoboka.

Lipo neno moja la mitaani linalolionyesha jambo hili kwa uchungu. Tiketi ya kubeti yenye mechi nyingi zilizounganishwa vijana huiita mkeka, na kuijaza ni kusuka mkeka, lugha iliyochukuliwa kwa wanawake wa pwani ambao kwa vizazi vingi wamechana miyaa, wakaitia rangi, wakasuka ukili mrefu kwa vidole, kisha wakaushona ukawa mkeka wa kulalia. Ukili hauruhusu kubahatisha: mwaa mmoja ukirukwa, nakshi hupotea, na msusi huuona upungufu huo mara moja na kuurudia.

Wanawake ndio walioachwa nje ya sehemu kubwa ya mjadala huu, ingawa wao ndio wanaoitwa zaidi kuliko mtu yeyote. Kijiwe cha bao kwa kawaida ni cha wanaume, na wanaume hao hupata saa mbili zisizokatizwa kwa sababu kuna mtu nyumbani anayepokea miito yote: mtoto anataka uji, jirani anaomba chumvi, maji yamekuja na ndoo hazijapangwa, mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya Mloganzila anahitaji kupelekewa chakula kabla muda wa kuona wagonjwa haujakwisha. Siku ya mama huyo imekatwakatwa vipande ambavyo hakuna hata kimoja kirefu kutosha kuingia ndani ya jambo lolote, na haki ya kuzama inapozungumzwa bila kuuliza nani atakayeitwa badala ya anayezama, nusu ya watu wamesahauliwa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Kibamba saa yake ya kweli huanza saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala na vyombo vimeoshwa, anapovuta taa karibu na kuendelea na kitambaa cha kochi alichokianza kukifuma kwa kroshia tangu wiki iliyopita, akihesabu matundu kwa midomo bila sauti, huku malori yakiendelea kunguruma barabarani na yeye asiyasikie.